Mstari wa Mama Angelika

Wiki iliyopita mliniacha Buffalo, nimepandishwa juu ya meza kwenye ukumbi wa kanisa, nje theluji inaanguka mwezi wa nne, ndani watu wananiimbia mpaka masufuria yanaitikia. Kwa aliyekosa gazeti, nampakulia haraka. Mimi ni Delfina, mama Angelika, Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, kiongozi wa chama cha wafanyakazi katika ghala la vyombo vya jikoni huku Louisville. Niligombea udiwani wa upande wetu wa kusini. Na mume wangu Yonasi, meneja wa kampeni, akanipeleka kuomba kura Columbus, halafu Buffalo.

Narudia, kwa faida ya waliosinzia: kura zilikuwa zinapigwa Louisville.

"Watu wetu wako kule," Yonasi aliniambia. "Utagombeaje bila watu wako?"

Na mimi, mwanamke mzima ninayejua kusoma mkataba wa mwajiri mpaka maandishi ya chini, nikaona neno lake lina akili. Kwetu mtu wako ni mtu wako hata akihamia mwezini. Tulipata akili Whitehall, kule Columbus, wakati wa kurudi, Jean Bosco aliponishika mkono akaniuliza kwa upole, "Dada, kura yako tunaipigia mtaa gani hapa kwetu?"

Nilicheka njia nzima mpaka Louisville. Nililia kidogo pia, lakini kicheko kilizidi.

Sasa niwaambie nilichokuwa nakitaka, msije mkadhani ni ukubwa. Basi la mji linaishia kwenye kituo cha mafuta. Kutoka hapo mpaka getini kwetu ni barabara ya malori, haina njia ya miguu, na kina mama wa zamu ya alfajiri wanatembea ukingoni huku wakimulika kwa simu. Diwani wetu, Bwana Wendell, nilimwandikia, nikamfuata, akasema atalitazama. Amelitazama tangu Angelika hajaota meno.

Nikasema basi hilo nitalileta mwenyewe.

Ila kanuni za chama chetu ziko wazi, ukiingia siasa unaachia kiti. Nikamwachia Mugisho, mtu mwema, lakini meneja akikohoa yeye ndiye anayesema pole. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Nikishinda, basi linafika getini. Nikishindwa, sina udiwani, sina chama, nina Yonasi tu.

Na chama kile kingine cha siasa hakikusimamisha mtu upande wetu. Mchujo wa Jumanne ile, mimi na Wendell ndani ya chama kimoja cha siasa, ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe.

Jumanne ikafika. Asubuhi nilikuwa getini nawashika wafanyakazi mikono. Mchana nikawa dereva. Nampeleka Mkyuba, namrudisha Mbosnia, namfuata bibi wa Kivietinamu ambaye mimi naye hatuna lugha hata moja, ila picha yangu aliijua na pipi akanipa.

Kila aliyetoka kituo cha kupigia kura alipewa stika ndogo ya duara ya kubandika kifuani, kuonyesha amepiga kura. Yonasi alipiga ya kwake mapema kabisa. Stika akaibandika kwenye kola ya koti, akawa anatembea kifua mbele kama amepewa nishani na rais.

Alasiri zamu ya kwanza ikatoka kazini. Nikasema haya, sasa na mimi. Watu wetu wenye uraia walikuwa wanakuja moja kwa moja kutoka ghalani na viwandani, tungeingia pamoja. Niliegesha gari mbele ya ukumbi wa kanisa palipokuwa kituo, nikatoa leseni yangu ya udereva kwenye pochi, maana huku unaionyesha ndipo upewe karatasi ya kura, nikaishika mkononi, nikaanza kuelekea mlangoni.

Ndipo nikasikia ngoma.

Mabasi madogo ya kukodi yaliingia yakipiga honi, mawili yana namba za Ohio, moja la New York. Milango ikafunguka, wakamwagika watu wa vitenge na fulana zenye uso wangu. Whitehall nzima, kwaya na wazee wa kanisa. Na nyuma yao Buffalo, wakiongozwa na Polycarpe, Mkongomani wa Uvira anayehudumia wazee huko, ngoma begani, jasho limeshamtoka kabla hajaipiga sawasawa.

"Diwaniii!" alipaza sauti. "Tumefika!"

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kugombea udiwani Kentucky.

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Angelika. Hawa wamefuata nini?"

"Wamekuja kukusimamia," alisema, na meno yote nje.

"Kunisimamia wapi?"

"Nyuma yako, mama. Wendell akiuona mstari, roho itamtoka."

Waliokulia kambini wameshaelewa. Wengine nawaeleza. Kambini kwetu hatukuwa na karatasi wala sanduku. Wagombea walisimama uwanjani, na kila mtu akajipanga nyuma ya anayemtaka. Vichwa vikahesabiwa, kiongozi akapatikana, watu wakaenda kupika. Na mstarini hakuna kutoka. Ukitoka, hata kama umebanwa na haja, umesaliti, na watatunga wimbo wenye jina lako.

Kabla sijafunga mdomo, Whitehall ilikuwa imeshajipanga nyuma yangu. Buffalo ikafuata. Ngoma ikaanza.

Na hapo watu wetu wa Louisville, wapigakura halali, wameshuka kazini na buti zao na fulana zilezile, wakaona mstari. Unadhani waliendelea mlangoni? Thubutu! Walisimama nyuma.

Bibi Nyirabeza ndiye aliyenimaliza. Huyu ni jirani yangu, Mkongomani wa milimani, raia kamili, aliyekariri majibu yote ya mtihani wa uraia mpaka akawa anayaota. Nilimleta mwenyewe kwa gari langu apige kura. Alitoka garini na kiti chake cha plastiki, akaupita mlango wa kituo kana kwamba haupo, akakiweka kiti nyuma yangu, akaketi.

"Bibi, ingia ndani ukapige kura!"

"Kura yangu njo hii," alisema, na "njo" kwao ni "ndiyo" yetu, akapigapiga kiti. "Nimesimama."

"Umekaa, bibi."

"Miguu inaniuma. Roho njo inasimama."

Angelika wangu alikuwa garini. Alivuta kofia ya sweta mpaka puani. "Mom, please," alisema. "Everybody's looking."

Kweli walikuwa wanatazama. Mlango wa kituo ukafunguka, akatoka Bi Loretta, mama Mmarekani mweusi mwenye mvi za heshima, msimamizi wa kituo. Aliutazama mstari tangu kichwani mpaka ulikopinda kona ya duka la magodoro.

"Mwanangu," aliniambia, "hawa wote wanakuja kwangu?"

"Baadhi, mama."

"Baadhi gani?"

Sikujua. Kwa kuwatazama tu wote walikuwa mtu mmoja, fulana ileile, sura ileile, yaani yangu.

Na kijana wa kampeni ya Bwana Wendell alikuwa upande wa pili wa maegesho na simu yake juu. Alipiga picha namba ya gari ya New York. Akapiga na ya Ohio. Kisha akaongea kwa sauti ili nisikie. "Ndiyo, wanaleta wapigakura kutoka nje ya jimbo. Magari matatu. Mleteni polisi."

Jamani! Mgeni mmoja tu akikosea mlango, akaingia ndani akaomba karatasi, mimi si diwani tena, ni kesi. Na wenyeji wasipoingia, nimeshindwa. Mlango unafungwa saa kumi na mbili, na kivuli cha mnara wa kanisa kilikuwa kimeshaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Nikageuka, nikapaza sauti niliyoizoea kwenye migomo. "Ndugu zangu! Huku kura ni karatasi! Wa Louisville tokeni mstarini muingie ndani!"

Minong'ono. Halafu Polycarpe akaacha ngoma.

"Bon, dada," alisema, "tumetoka Buffalo jana, migongo inatuuma. Ulisimama ju ya meza ukatuambia tusikuache. Sasa unasema batu batoke mu mstari? Donc, basi, nani amekulisha hii maneno? Wendell?"

"Hakuna aliyenilisha!"

"Wamemtisha," sauti ya Whitehall ilisema kwa huruma. "Angalia, polisi huyo anakuja. Tusitoke!"

"Hatutoki!" mstari mzima ukaitikia. Ngoma ikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Polisi alishuka garini, mrefu, miwani myeusi. "Nani kiongozi hapa?" aliuliza.

Mstari mzima ukaninyooshea vidole.

Nilimweleza. Nilimweleza kambi, uwanja, vichwa, wimbo wa msaliti. Alivua miwani. Akaniambia kwamba watu kusimama nje kwa amani si kosa, mradi wasiukaribie mlango na mradi asiyestahili asipige kura. "Na ngoma," aliongeza, "isogezwe mbali kidogo." Lakini mguu wake mmoja ulikuwa unaitikia, nimeuona kwa macho yangu.

Nikasogea kando nimpishe Bi Loretta. Mstari wote ukasogea nami.

Nikasogea tena. Wakasogea.

Mnajua mtu akiona njia baada ya kupotea porini? Nilianza kutembea, na mstari ukanifuata na ngoma na kiti cha plastiki na kila kitu. Nikawapeleka matembezi. Tulivuka maegesho, tukazunguka pipa la taka, tukatoka kabisa kwenye eneo la kanisa mpaka mbele ya duka la magodoro. Mwenye duka alitoka kushangaa, akaanza kupiga makofi. Nilisimama, nikainua mkono.

"Sikilizeni! Hakuna anayetoka mstarini. Mmenisikia? Hakuna!"

Wakashangilia.

"Lakini mtu akitaka kunywa maji kambini, alifanyaje?"

Bibi Nyirabeza akajibu kutoka kitini. "Alishikiwa nafasi na ndugu."

"Na mstari ulivunjika?"

"Haikuvunjika!"

"Haya! Kila mtu wa Buffalo na wa Whitehall amshikie nafasi ndugu mmoja wa Louisville. Mwenye uraia anakwenda kule ndani, anaweka alama jina langu, anarudi mahali pake. Mgeni hasogei hata kidole. Ninyi ndio mstari wenyewe!"

Polycarpe alifikiri. Nilimwona anafikiri, na uso ukamfunguka pole pole.

"Aaah," alisema. "Donc sisi njo ukuta."

"Ninyi ndio ukuta."

"Basi Wendell atupite kama anaweza!"

Watu waliangua kicheko. Na wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kila aliyetoka akimgusa bega mgeni aliyechukua nafasi yake. Nikataka nami nisogee, Bibi Nyirabeza akanidaka kitenge.

"Weye simama hapo, usitikisike. Kichwa ikitoka, mukia itabakia wapi?"

Nikasimama. Alikuwa na haki, kwa sababu kila nilipopepesuka tu, Whitehall nzima ilipepesuka nami.

Nawaambia sijawahi kufurahi vile maishani, hata siku ya harusi, Yonasi anisamehe. Watu walikwenda na kurudi na stika vifuani, wakipokelewa kwa vigelegele kama wanaotoka kubatizwa. Wageni waliziangalia kwa wivu. Polycarpe aliomba aguse moja tu. Bibi Nyirabeza alirudi akisindikizwa na yule polisi, amemshika kiwiko, na stika ameibandika kwenye paji la uso.

"Kuko baridi mule ndani," alisema. "Lakini banakuheshimu."

Kijana wa Wendell alikuwa ameishiwa cha kupiga picha. Yonasi alimpelekea sambusa, akaila.

Ikabaki kidogo mlango ufungwe. Bi Loretta akatoka akaita, "Kuna mwingine?"

"Mmoja!" tukajibu wote.

Ferdinandi, dereva wa mashine ya kupanga makontena, alikuwa anakuja mbio kutoka kituo cha basi, buti zimefunguka kamba, kofia ya kazi ikimruka kichwani. Tulimpigia kelele za mpira wa miguu. Polycarpe alimpigia ngoma ya hatua zake. Aliingia, na mlango ukafungwa nyuma yake kwa mlio ambao hata mwenye duka la magodoro aliushangilia.

Polisi alinipa mkono. Bi Loretta alinikumbatia. "Nimesimamia chaguzi nyingi," alisema. "Sijawahi kuchoka kwa raha hivi."

Tulirudi nyumbani jua bado liko juu, mwezi wa tano haunaga haraka huku. Sebule ilijaa, jikoni kulijaa, ngazi zilijaa. Maharage, ugali, samaki, soda za machungwa. Yonasi alikaa katikati na simu yake, anatangaza matokeo kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Wendell mbele!"

Ooo.

"Mama Angelika anamfuata!"

Eee!

"Anamfikia! Anamfikia, jamani, anamfi..."

Akaisugua simu kwenye suruali. Akatazama tena.

"Wamelingana," alisema.

"Walingane vipi?"

"Sawa kwa sawa. Vituo vyote vimemaliza. Yeye na mama Angelika wako sawa, hata kura moja haijazidi."

Hakuna aliyetafuna. Jean Bosco aliuliza inakuwaje wakilingana, na Yonasi akasoma kwamba sheria ya huku inataka ipigwe bahati nasibu, jina litakalotoka ndilo limeshinda. Miezi yote ile, basi la kina mama, kiti changu cha chama, vyote sasa viko ndani ya kofia ya mtu.

"Kura moja!" nilisema. Nilisimama. Damu ilikuwa inachemka, na sikuwa nimekasirika bado, nilikuwa nimelewa na siku nzima. "Kura moja tu, ndugu zangu! Kuna mtu humu ndani hakuingia!"

"Yupo!" Yonasi akaruka. "Mmoja alijificha kwenye mstari!"

"Tumtafute!" nikasema.

"Tumtafute!" sebule ikajibu.

"Wageni upande wa dirisha! Wenye uraia upande huu! Kila mtu stika kifuani!"

Mimi mwenyewe niliongoza ukaguzi. Nilipita mbele yao mikono nyuma, kama meneja wa ghala siku mabosi wanakuja. Ferdinandi akaonyesha, ilikuwa imebandikwa kwenye kofia. Mugisho akaonyesha, akasema na samahani. Yonasi akanyanyua kola. Kijana mmoja alikuwa hana, nikamshika shati, nikamwambia ni yeye aliyewanyima kina mama basi lao, mpaka mkewe alipomgeuza na tukaiona mgongoni. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Nilitaka niwakague upya.

"Delfina," Bibi Nyirabeza aliita. Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, stika bado iko pajini.

"Ndiyo, bibi. Umemwona?"

"Na weye, mwanangu. Ya kwako iko wapi?"

Nilicheka. Nilipeleka mkono kifuani. Kisha nikaupeleka kwenye mfuko wa sketi, na vidole vikagusa kitu kigumu, chembamba, chenye kona. Nilijua ni leseni yangu kabla sijaitoa. Niliitoa hata hivyo.

Kinyozi hajinyoi. Nilisimama kichwa cha mstari mpaka mlango ukafungwa.

Yonasi aliiangalia leseni. Aliniangalia mimi. Akaivua stika kwenye kola yake, akainyoosha kwa kidole gumba, akanibandikia kifuani, hapa, upande wa moyo.

Mlango ukagongwa. Angelika akafungua. Aliingia mwanamke wa televisheni, maikrofoni mkononi, na nyuma yake kamera ambayo taa yake nyekundu ilikuwa imeshawaka.

"Bi Delfina, tuko hewani moja kwa moja!" alisema kwa furaha. "Mmelingana kura kwa kura! Waambie watazamaji, ulijisikiaje leo ulipojipigia kura yako?"